Perege Wanono wa Kiangazi

Sogeeni, ndugu zangu, maana haya niliyaona kwa macho yangu.

Ilikuwa enzi za Mdachi, mwaka reli ilipofika Dodoma. Kule kwetu Mtera, nyumba ya jirani yangu Matonya ilikuwa na amani. Jioni mkewe, Loisi, alisonga ugali wa uwele, na binti yao Hana alichambua mlenda huku akiimba. Kisha sotoka, ule ugonjwa wa mifugo, ikamaliza ng'ombe. Kiangazi nacho kikaukausha mto, yakabaki madimbwi.

Matonya, mfugaji tangu kuzaliwa, akaingia dimbwini na kutoka na perege waliovimba matumbo. Athuman, Mrangi aliyezoea uvuvi, akamwonya.

"Ndugu yangu, maji yakisimama hivi samaki huingiwa na minyoo. Mpasue, tupa utumbo, mpike aive kabisa. Na huyo aliyevimba usimle."

"Ala! Mimi nimekulia zizini," Matonya akacheka. "Mnyama mnono simjui? Hayo ni mafuta!"

Nami nilicheka, jamani. Mungu anisamehe.

Akawabanika wazima, juu juu tu, kama tulivyozoea kula maini ya ng'ombe. Matumbo, fungu la mtoto apendwaye, akampa Hana. Alimlisha hivyo mwezi mzima.

Hana akaanza kuumwa tumbo. Akakonda, chakula kikamshinda. "Baba, kuna kitu kinatembea humu," alilia.

Matonya akachinja mbuzi wake wa mwisho ili atazame utumbo, kama ilivyo desturi yetu, ajue nani kamroga mtoto. Utumbo ulikuwa safi, hauna dalili yoyote ya uchawi. Akaugeuza, akautazama tena.

"Mama Hana," akasema, "mbuzi nimempasua nikamtazama. Wale samaki mbona sikuwapasua?"

Akakimbilia dimbwini, akavua mmoja, akamchana tumbo. Minyoo myeupe ikamwagikia viganjani mwake. Aliporudi, alimkuta Loisi amemfunika mtoto kaniki mpaka usoni.

Tulimzika Hana kabla ya mvua. Matonya hakuinua uso wake mbele ya Athuman tena.

Funzo

Ujuzi wa zizini haufai mtoni. Samaki wa maji yaliyosimama mpasue, mtazame, kisha mpike mpaka aive. Na mwenye kujua akikuonya, usimcheke. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema. Lakini Matonya hakuvunjika guu. Aliyelipa ni Hana, ambaye hakuonywa na mtu.