Pedali ya Kushoto

Kila siku akitoka shule, Nati alivua sare, akala haraka haraka, kisha akaingia karakana ya baiskeli ya baba yake, iliyokuwa ubavuni mwa nyumba. Jina la Nati alilipata humo humo. Alikuwa msichana mfupi, mnene kidogo, na kazi yake ilikuwa kuokota nati zilizodondoka sakafuni na kuzipanga kwenye makopo kwa ukubwa wake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa maoni yake alikuwa fundi kamili. Hayo yalikuwa maoni yake peke yake.

Mafundi wenyewe walikuwa wawili tu, baba yake na Dada Redio. Dada Redio alikuwa fundi msaidizi, msichana wa miaka ishirini na kitu, hodari wa kunyoosha gurudumu lililopinda. Aliitwa Redio kwa sababu mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzimia. Aliongea akifunga mnyororo, akaongea akijaza upepo, na akikosa mtu aliongea na baiskeli.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja. Fundi akishakaza nati au skrubu inayobeba uzito wa mtu, aliitia tone la rangi. Baba alitumia nyeupe, Dada Redio njano. Maana ya tone ilijulikana: nimekaza mimi, nimekagua mimi, ikilegea niulizeni mimi. Nati hakuwa na rangi.

Wakati ule baba alikuwa akijijengea baiskeli yake mwenyewe. Majirani walikuwa wamemtania kwa muda mrefu kwamba anatengeneza baiskeli za mji mzima huku yeye akichakaza soli za viatu. Sasa alikuwa amepata fremu kuukuu lakini nzima, ya baiskeli ya barabara za changarawe, na kwa miezi kumi na minne alikuwa akiivalisha vifaa vipya, kimoja kimoja: magurudumu, breki, gia, matairi mapana yenye meno. Kila kifaa kilipofika aliwaita wote waje kukiona. Hata mama, ambaye hakujua breki na beringi vinatofautiana vipi, alikuja akakishika na kutikisa kichwa kwa heshima.

Alhamisi moja alasiri ikabaki pedali ya kushoto tu. Baba alikuwa ameitwa na mteja upande wa pili wa mji. Dada Redio alitazama saa, akaanza kunawa mikono.

"Nati, namsindikiza mama hospitali, tukichelewa hatumkuti daktari," alisema. "Mwambie baba pedali ya kushoto bado, nitaifunga kesho nikifika. Na wewe usiiguse. Hiyo inakazwa kinyume na nyingine zote. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

Alisikia, ila hakukubali. Ameona pedali zikifungwa mara mia, nini cha kumshinda? Aliiokota pedali, akaiingiza kwenye tundu la mkono wa baiskeli unaoibeba, akazungusha kulia kama alivyozoea. Haikushika. Akakumbuka, akazungusha kushoto. Ikashika, lakini ikashika kombo, na baada ya mizunguko miwili ikagoma kabisa. Fundi angeifungua na kuanza upya. Nati alichukua spana ndefu, akailalia kwa uzito wake wote. Chuma cha pedali kilikuwa kigumu, na ule mkono wa baiskeli ulikuwa wa aluminiamu laini. Pedali iliingia, na vipande vyembamba vinavyong'aa vikaanguka sakafuni.

Nati alijua ameharibu. Akafagia vile vipande, akapangusa grisi, kisha akafanya jambo baya zaidi: alichovya kijiti kwenye kopo la Dada Redio, akatia tone la njano. Alijiambia kwamba kesho atamweleza dada, naye ataitengeneza kabla ya mtu kuipanda.

Jioni baba alirudi, akaona baiskeli imekamilika, akaona na tone. Alitabasamu hadi magego yakaonekana. "Amemaliza! Kesho mapema naenda nayo hadi machimbo ya kokoto na kurudi." Maneno yalimfika Nati kwenye ncha ya ulimi. Alimtazama baba akizungusha gurudumu na kulisikiliza, akayameza.

Asubuhi, kabla Dada Redio hajafika, baba alitoka. Kwenye mteremko wa machimbo alisimama juu ya pedali ili ajikinge na mashimo. Pedali ya kushoto ikachomoka. Wachimba kokoto walimkuta kando ya barabara, wakamleta kwenye mkokoteni. Mifupa miwili ya kifundo cha mkono wa kulia ilikuwa imevunjika, na daktari alisema huenda mkono ule usikunje ngumi tena.

Alasiri baba aliketi karakanani, mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko, baiskeli imelala mbele yake.

"Rangi hii ni ya nani?" alimuuliza Dada Redio.

"Ni yangu, fundi. Lakini pedali sikuifunga mimi. Nilimwachia Nati ujumbe kwamba bado."

Baba aligeuka. "Nati, alikuachia ujumbe?"

Mama alikuwa mlangoni. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi. Wote walimtazama yeye.

"Hapana, baba."

Dada Redio alivua ovaroli. Hakulia wala hakubishana. Alimwangalia Nati, akaikunja ovaroli yake, akaondoka bila neno hata moja.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa mbaya. Baba alijaribu kushika spana kwa mkono wa kushoto, ikamponyoka. Wateja walichungulia, wakatoa pole, wakaenda kwingine. Karakana ilikuwa kimya kiasi kwamba Nati alisikia saa ya ukutani, ambayo hakuwahi kujua kwamba ina sauti. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu.

Siku moja mama alimtuma dukani. Njiani, mbele ya karakana nyingine, alimwona Dada Redio amesimama na kifurushi chake cha spana.

"Si wewe uliyemvunja tajiri wako mkono?" fundi mwenye karakana alimuuliza kwa sauti, ili wengine wasikie. "Hapa ni pa nne kuomba kazi, nasikia. Nenda kasuke nywele, dada. Nywele hazimwangushi mtu."

Watu walicheka. Dada Redio aligeuka na kumwona Nati. Angeweza kumnyooshea kidole na kumwaga yote pale pale. Alipita tu, kichwa chini.

Nati alirudi nyumbani bila kufika dukani. Alimkuta baba peke yake, akapiga magoti sakafuni.

"Baba, ile pedali niliifunga mimi. Rangi nilitia mimi. Na ujumbe aliniachia."

Baba hakumpiga wala hakufoka. Uso wake ulizeeka pale pale alipoketi, na hilo lilimuuma Nati kuliko kiboko. Aliuliza maswali matatu au manne, polepole, akataka kujua alivyoikaza na alichofagia. Kisha akasimama. "Vaa viatu."

Walimkuta Dada Redio nyumbani kwao, akimpepea mama yake aliyelala kitandani. Nati alisema yote tena, sauti ikimkatika. Alipomaliza, baba akainamisha kichwa mbele ya msaidizi wake.

"Mimi pia nimekukosea. Umefanya kazi nami miaka sita. Nilitazama rangi nikaiamini kuliko mdomo wako. Nisamehe."

Dada Redio alimfunika mama yake shuka. "Nitarudi, fundi, lakini si kesho. Niache kwanza hasira zishuke." Akamgeukia Nati. "Pedali hata mimi nimewahi kuiharibu. Kilichoniuma ni lile 'hapana' lako. Nikirudi ujiandae, maneno ya wiki tatu yamenijaa kifuani."

Kutoka hapo baba alimpeleka Nati kwenye karakana zote nne. Mbele ya mafundi na wateja wao, Nati alisema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba kosa lilikuwa lake na Dada Redio hakuwa na hatia. Kwenye ile ya mwisho, fundi aliyezungumzia nywele alikosa pa kuyaweka macho.

Walirudi nyumbani wakitembea taratibu, baba ameuegemeza mkono wa plasta kifuani.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Kila fundi huharibu kazi. Ungeniambia jioni ile ile, ningefoka mpaka wakati wa chakula, tukanunua mkono mwingine wa pedali, yakaisha. Kosa lilikuwa la aluminiamu. Ulipolificha, likafika kwenye mfupa wangu. Ulipolikana, likafika kwenye jina la mtu, na jina halifungwi plasta. Ukiharibu, sema mapema, wakati bado kinachovunjika ni chuma tu."

Nati alifuta macho kwa kiganja. "Bado umekasirika, baba?"

"Sana," baba alijibu. "Lakini wiki tatu nilimkasirikia mtu asiyehusika. Leo angalau hasira yangu imefika kwa mwenyewe."

Akampa mkono wa kushoto, ule mzima, wakavuka barabara.