Dastur

Sauti ukidhihaki, yasikia ukutani,
Hurudi kudai haki, ikaketi ulimini.

Punda wa katuni alikwisha kufunga mdomo, lakini sauti ikaendelea.

Ismat Rushdi akairudisha picha nyuma. Katika studio ile ya chini ya ardhi mjini Kairo, yeye ndiye aliyesimamia kutiwa sauti za Kimisri filamu ya pili ya familia ya punda wasafiri, na yeye ndiye aliyemsemea baba punda. Kwake filamu ya kwanza ilikuwa upuuzi. Hii, upuuzi uliopakwa rangi mpya. Alichokithamini duniani ni sauti yake tu.

Asubuhi Hajati Dawlat, bibi aliyemsemea nyanya punda, alimsihi asimwage maji ya birika kwenye karo kabla ya kusema "dastur", kuwataka ruhusa majini wakaao chini ya ardhi.

"Nimtake ruhusa nani, Hajati? Mende?"

"Sema tu, mwanangu. Neno moja halikushushi cheo."

"Wewe rudi kwa punda wako. Ndicho kiasi chako."

Akayamwaga yakitokota.

Sasa ilikuwa adhuhuri, na harufu ya nywele zilizoungua ilipanda kutoka karoni. Sauti ile ya ziada ikasikika tena, nyembamba, kilio cha mtoto mchanga; ikafuatwa na nyingine, nzito, kwa Kiarabu fasaha ambacho hakuna punda aliyeandikiwa, kila irabu ya mwisho mahali pake: "Mwanangu alikuwa amelala."

"Hajati, ni wewe?" Ismat alimnong'oneza Dawlat aliyesimama kando yake.

"Mdomo wangu huu hapa, umefungwa. Omba radhi, Ustadhi. Sasa hivi."

"Niliombe radhi karo?"

Akaikamata maikrofoni amalizie maneno ya mwisho ya baba punda, na alipofungua kinywa ile harufu ikamjaa kooni, taa ya kurekodi ikawaka bila kuguswa, punda kwenye skrini akageuza kichwa ambacho hakuna mchoraji aliyekigeuza, akamkazia macho, akatamka kwa sauti ya Ismat mwenyewe, ile tamu aliyojivunia miaka thelathini, "Twendeni nyumbani, wanangu," huku Ismat, akijaribu kupiga ukelele, akilisikia koo lake likitoa mlio wa punda, mrefu, tena na tena, mpaka akaanguka.

"Dastur," Dawlat alisema akiliinamia karo. "Dastur, mabwana zetu. Poleni kwa mtoto."

Spika zikamjibu kwa sauti ya Ismat: "Wewe una adabu. Huyu arudi kwa punda wake. Ndicho kiasi chake."

Ismat alilia sakafuni kama mnyama. Aliyebaki amesimama alikuwa Hajati Dawlat.