Damaris na Nyuzi za Besi

Kila siku saa kumi alasiri, kengele ya mwisho ikishalia, madawati ya darasa la nane katika shule moja ya Rangwe yalisukumwa ukutani na bendi ya shule ikaanza mazoezi. Tony alipiga ngoma, wasichana watatu waliimba, na Damaris, mwenye miaka kumi na tatu, alipiga gita la besi. Spika yao ilitumia betri ya gari, kwa hivyo hakuna aliyechezea muda. Ijumaa walikuwa waende Homa Bay kwenye tamasha la muziki.

Gita hilo lilinunuliwa kutoka kwa bendi moja ya Migori iliyovunjika. Mwenyewe wa zamani lazima alikuwa jitu, maana nyuzi zote nne zilikaa juu sana, mbali na shingo ya gita. Ili sauti itoke, Damaris alizibonyeza huku ameuma meno. Vidole vyake vikatoka malengelenge, lakini hakumwambia mtu. Siku ya kwanza Tony alikuwa amemcheka, "Dama, besi ni ya wanaume! Vidole hivyo ni vya kuchambua visamaki vya omena!" Naye alimjibu, "Ngoja utaona." Sasa angeanzaje kusema anaumia?

Jumatatu mazoezi yalipokwisha, wenzake walitoka kunywa maji. Ndani ya mfuko wa gita Damaris aliona ufunguo mdogo. Alijua kuwa mwishoni mwa gita kila uzi ulipita juu ya kichuma chenye skrubu mbili. Akatia ufunguo kwenye skrubu, akazungusha kidogo. Uzi ukashuka. Lo! Akazungusha tena, na tena, mpaka nyuzi zote zikakaribia kulala shingoni. Spika ikiwa imezimwa, alizigusa polepole. Laini kama siagi! Akalifunga gita mfukoni, akitabasamu peke yake. Tony akalibeba kwa baiskeli kama kila jioni, akalipeleka nyumbani kwa Mwalimu Pamela, msimamizi wa bendi, lilikohifadhiwa.

Jumanne spika ikawashwa. Tony akahesabu, "Moja, mbili, tatu!" Damaris akapiga kwa nguvu zake zote.

Zzzzz! Ungedhani nyigu amefungiwa ndani ya mkebe. Waimbaji wakaangua kicheko.

"Ni nini hiyo?" Mwalimu Pamela aliuliza. "Jana gita lilikuwa zima. Tony, umeanguka nalo?"

"Haki ya Mungu, mwalimu, sijaanguka!"

"Muhula uliopita ulisema hivyo hivyo, na ngoma ilikuwa imejaa matope. Basi, mpaka nijue kilichotokea, wewe huendi Homa Bay."

Tony alimtazama mwalimu, akawatazama wenzake. Damaris alifungua mdomo, akaufunga.

Kesho yake mwalimu aliwatuma wawili hao sokoni kwa Maroa, fundi wa redio aliyewahi kupiga besi katika bendi za Migori. Njiani Tony alisukuma baiskeli bila kupiga mluzi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

"Jana mama alipika samaki, nikashindwa kula," alisema mwishowe. "Mimi! Kushindwa na samaki! Nyumbani wote wanasema nimevunja mali ya shule."

Damaris alitazama kando ya barabara.

Fundi Maroa alipoambiwa anachoshuku mwalimu, alilipiga gita, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Kama lilianguka, huenda shingo imepasuka kwa ndani. Itabidi niing'oe, nitie gundi, ikauke. Njooni wiki ijayo."

"Na Ijumaa je, fundi?" Tony aliuliza.

"Ijumaa pigeni makofi." Akachukua bisibisi na kuiweka kwenye skrubu ya shingo.

"Usiing'oe, fundi!" Damaris alipaza sauti. "Halikuanguka. Ni mimi. Niliteremsha nyuzi."

Bisibisi ikasimama. Tony akaruka. "Kumbe wewe! Na umeniacha nibebe lawama kama punda wa maji!"

"Nisamehe, Tony. Niliogopa utanicheka." Akanyoosha mkono. Tony alipoyaona yale malengelenge, hasira zikampungua.

"Ni kweli ningekucheka," alikiri. "Lakini hata hivyo!"

Maroa alivishika vile vidole, akaviangalia vizuri. "Binti, ulikuwa na sababu ya kuumia. Nyuzi zilikuwa juu mno. Kosa lako ni kuzilaza kabisa. Uzi ukipigwa hutikisika, na ukikosa nafasi unagonga vile vyuma vya shingoni. Ndiyo maana unalia." Akachomoa njiti moja ya kiberiti, akaivunja kichwa. "Hii iweke hapa katikati ya shingo, chini ya uzi. Pandisha mpaka njiti ipite bila kubanwa. Huo uzi mnene upe nafasi zaidi kidogo. Ukitikisika ni kama ng'ombe wa mnada wa Ogwedhi akitoka zizini, hutaka njia pana."

Damaris alizungusha ufunguo robo ya mzunguko, akapima, akaurekebisha uzi ukarudi kwenye sauti yake, akapiga kwa nguvu. Zzz. Robo nyingine. Tony alichukua debe tupu akaanza kulipiga. Nusu saa baadaye besi ilinguruma safi, na mama mwuza nyanya wa jirani akawa anacheza huku amebeba mizani.

Walirudi shuleni, na Damaris akasema yote mwenyewe mbele ya bendi nzima. Mwalimu Pamela alimgeukia Tony kwanza. "Nilikuhukumu kabla ya kuchunguza. Nisamehe, nyathina, mwanangu. Homa Bay utakwenda. Na gita litabebwa na Damaris, pamoja na ngoma yako."

"Ngoma ni nzito, Dama," Tony alisema, akicheka mpaka machozi.

Ijumaa walishika nafasi ya pili. Nje ya ukumbi, wakila mandazi, Mwalimu Pamela aliwakusanya.

"Kuumia si aibu. Ukiumia, sema, usaidiwe," aliwaambia. "Kugusa usichokijua ni kosa, lakini hilo fundi alilirekebisha kwa ufunguo na njiti ya kiberiti. Kunyamaza wakati mwenzako anaadhibiwa kwa ajili yako, hilo hakuna fundi wa kulirekebisha. Ni wewe mwenyewe ufungue mdomo, na uufungue mapema."