Bakuli la Mashine ya Maziwa

Mashine ilikuwa palepale ilipofungwa tangu siku ilipoletwa, juu ya meza nzito ya mbao, inang'aa utadhani imepakwa mafuta. Kilichokosekana ni bakuli lake. Mtu asiyejua mambo ya maziwa angeitazama, akainua mabega, akaenda zake.

Inspekta Msaidizi Thomasi Lesikar hakwenda zake. Alikulia hukuhuku Oldonyo Sambu, nyuma ya Mlima Meru, kabla upolisi haujamhamishia Arusha mjini, na mashine ya aina hiyo alishaiona kwenye shamba la Mzungu mmoja. Maziwa humiminwa juu, mkono huzungushwa, na bakuli zito la chuma lililo katikati huzunguka kwa kasi mpaka krimu ijitenge na maziwa. Bila bakuli hilo, mashine nzima ni pambo la mezani.

"Kufuli?" aliuliza.

"Zima, afande," alijibu Konstebo Sadoki, Mmeru wa Tengeru, mtu wa maneno machache. "Halina hata mkwaruzo. Na dirisha hamna."

"Alama za vidole?"

"Zimejaa za akina mama wote. Hazitusaidii."

Nje ya banda wanachama wa Kilabu cha Akina Mama walikuwa wamekaa chini, kimya, kama watu waliofiwa. Na kweli walikuwa wamefiwa. Serikali ya Mwingereza ilikuwa na fungu dogo la kuvipatia vifaa vyama vya wananchi visivyokuwa na tajiri nyuma yao. Wengine walipewa cherehani, wengine pampu ya maji. Hawa waliomba mashine ya krimu. Wakaiombea kanisani, wakaijengea banda kwa mikono yao, fito na udongo na samadi ya ng'ombe, nayo ikaja. Siagi yao ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuulizwa mjini.

Mwingereza aliyesimamia misaada hiyo, ambaye wote walimwita Bibi Maendeleo, alisimama karibu na gari lake, uso umemwiva.

"Inspekta, hii mali ya serikali," alisema kwa Kiswahili chake cha kuunga. "Kama bakuli hapana patikana, mimi nachukua mashine yote, napeleka kilabu cha Usa River. Na mwenye ufunguo atakwenda kortini."

Mwenye ufunguo alikuwa Namelok, mwenyekiti wa kilabu, mwanamke mrefu, bado kijana. Lesikar alimwingiza bandani, akamketisha mbele ya mashine.

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Shingoni mwangu, pamoja na ushanga."

"Ukilala?"

"Hapohapo."

"Umewahi kumwazima mtu?"

"Hapana, afande."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Mnadani. Kila mtu alikuwa mnadani kutazama ng'ombe. Niliporudi nikafungua nisafishe, nikakuta hivi."

"Nani ana kinyongo na wewe?"

Namelok aliangalia sakafu.

"Hakuna," alisema.

"Hata mmoja?"

"Nimesema hakuna, afande."

Lesikar alishahoji watu wengi, na uongo alikuwa akiujua ukingali mlangoni. Huu ulikuwa uongo. Akauhesabu kuwa wa mwizi, na hapo ndipo alipoanza kupotea njia.

Alipotoka alikwenda kwa shangazi yake. Nkasiogi alikuwa dada wa baba yake, mjane asiyejaliwa mtoto. Mama yake Lesikar alipofariki, ndiye aliyempokea angali mchanga, akamlea kwa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe mpaka akaenda shule. Ndiye pia aliyekianzisha kilabu. Alipita nyumba kwa nyumba akiwashawishi wanawake wakati waume zao wakimcheka hadharani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda hivyo? Huko Arusha wanakulisha karatasi za serikali?"

Akamtilia maziwa kutoka kwenye kibuyu, kama kawaida yake, bila kumwuliza kama ana kiu. Lesikar akanywa. Mama yule akamtazama anavyokunywa, kisha akateremsha sauti.

"Sikutaka kusema. Yule ni kama mtoto wangu, wanawe wote nimewapokea mimi kwa mikono hii wakizaliwa. Lakini jana nilimwona Namelok ana gunia, anaingia nyuma ya nyumba yake, kwenye mabua."

"Una hakika?"

"Nilishawahi kukudanganya?"

Lesikar aliweka kikombe chini, akasimama. Tangu utotoni neno la shangazi lilikuwa linamtosha, na siku hiyo lilimtosha pia.

Sadoki ndiye aliyechomoa gunia chini ya rundo la mabua ya mahindi, nyuma ya nyumba ya Namelok. Alilifungua mbele ya watu wote. Bakuli lilikuwa ndani.

"Sikuliweka mimi!" Namelok alipiga kelele. "Jamani, sikuliweka mimi!"

Mwanamke mmoja alitema mate chini. Mwingine alimwita mwizi, kisha wengi wakamwita hivyo, wanawake walewale waliomchagua kwa vigelegele. Mama yake mzazi aligeuka akaingia ndani. Pingu zilipofungwa Nkasiogi alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, shuka limefunika nusu ya uso, na Lesikar alidhani analia.

Namelok alipelekwa Arusha. Alishuka kwenye Landrova akiwa ameinamisha kichwa, akaingizwa mahabusu. Kwa shauri la mali ya serikali, tena na ushahidi umekutwa nyumbani kwake, jela ilikuwa inamsubiri na kila mtu kituoni alilijua hilo.

Ilibaki kazi ya kuandikisha kielelezo. Lesikar aliweka bakuli mezani, akalegeza nati ya juu, akainua kifuniko. Ndani mlikuwa na visahani vingi vya bati, kimoja juu ya kingine. Vilikuwa vikavu na safi. Akainamisha uso ili avione vizuri, na ghafla mate yakamjaa kinywani.

Alikaa chini.

"Sadoki. Njoo unuse hapa."

Konstebo alinusa. "Moshi, afande. Si nyumba zao zote zina moshi?"

"Huu si moshi wa jikoni."

Sadoki asingeweza kujua. Kwa Waarusha, kabila la Lesikar, mwanamke haweki maziwa kwenye kibuyu hivihivi. Hukisuuza, kisha hutia ndani kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, akakisukasuka mpaka moshi ushike. Maziwa yakikaa humo hayaharibiki upesi, tena hupata ladha ambayo mtoto akishaizoea hataki nyingine. Wanawake wote wa Oldonyo Sambu hufanya hivyo. Lakini Nkasiogi aliongeza kitu chake, kijiti cha mti mwingine wenye harufu tamu aliokuwa akiukata korongoni, kama alivyofundishwa na bibi yake. Hakuna nyumba nyingine iliyofanya hivyo. Wavulana aliochunga nao walikuwa wakimtania Lesikar kwamba wanaijua pumzi yake gizani.

Na mchana huohuo alikuwa ameyanywa maziwa hayo.

"Afande, unaumwa?" aliuliza Sadoki.

"Siumwi," alisema. Alikuwa anaumwa vibaya sana, ila si mahali pa kuonyesha daktari.

Alikwenda mahabusu, akachuchumaa mbele ya Namelok.

"Pale kilabuni mnafukiza vyombo?"

Namelok alishtuka. "Hapana. Bibi Maendeleo alikataza. Alisema wanunuzi wa mjini hawataki siagi yenye harufu ya moshi. Maziwa yakija kwenye kibuyu kilichofukizwa hayapokelewi."

"Kuna aliyekataliwa?"

Namelok alizivuta pingu zake karibu na kifua.

"Namelok, nimekuuliza. Kuna aliyekataliwa?"

"Yeyo Nkasiogi," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. Alimwita mama kwa Kimaa, kama wanawake wote wa kule walivyomwita. "Wengine walikubali kununua ndoo. Yeye alikuja na kibuyu chake. Nikamwambia, yeyo, haya hayapokelewi. Akasema, onja kwanza. Bibi Maendeleo alikuwa amesimama hapo, ana mgeni wake kutoka bomani. Akaniambia, mwaga. Nikaogopa watatunyang'anya mashine. Nikayamwaga."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote. Chini, kwenye vumbi." Alijifuta kwa mikono yenye pingu. "Yeye ndiye aliyeniingiza kilabuni. Ndiye aliyenipendekeza niwe mwenyekiti, kwa kuwa najua kusoma. Alikiokota kibuyu chake akaondoka, wala hakunitukana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, afande? Kwamba nimemwaga maziwa ya mama? Nikwambie wewe, mtoto wake?"

Lesikar alijua uzito wa jambo hilo. Kwa watu wake maziwa hayamwagwi, hata ya adui. Alitoa ufunguo mfukoni akamfungua pingu.

Asubuhi alirudi Oldonyo Sambu na Sadoki. Hakupitia mlangoni mwa banda, alizunguka nyuma. Ukuta wote ulikuwa na nyufa za jua, isipokuwa mahali pamoja, nyuma ya ile meza, ambapo samadi ilikuwa laini bila ufa wowote. Akabonyeza, kidole kikazama. Jana alipita hapa na macho yake mawili! Mwanamke anakandika ukuta mchana kweupe, nani wa kumshangaa? Wachache waliobaki siku ya mnada walimsalimu wakapita, na wangeapa kwamba hawakumwona mtu.

Nkasiogi alikuwa amekaa mlangoni kwake. Alimwona Sadoki nyuma ya mpwa wake, akaelewa.

"Leo hujasema shikamoo," alisema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sema ulilokuja nalo."

"Uliutoboa ukuta wakati watu wako mnadani. Ukachukua bakuli, ukaukandika. Kisha ukalifukiza."

"Nililifukiza?" Kwa mara ya kwanza alionekana kubabaika. Akainua mikono yake akaitazama. "Ee Mungu wangu. Nililifukiza."

"Kwa kijiti chako cha korongoni."

Mama yule akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha.

"Walikuwa wameliacha na mabaki ya maziwa ndani ya vile visahani, yameganda, yananuka. Na hao ndio wanaojiita watu wa usafi! Sikuweza kulitia kwenye gunia vile. Nikalisuuza. Mkono ukaenda wenyewe motoni, Thomasi. Chombo cha maziwa hakilazwi bila moshi. Wewe ukitembea unafikiri mguu upi uanze?"

"Na kwenye mabua ya Namelok, napo mkono ulikwenda wenyewe?"

"Hapo nilikwenda mimi."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini, ndiyo maana uko hapa. Kilabu kile ni changu. Nilikitafuta kwa miguu yangu mpaka nyayo zikapasuka. Nilimbeba yule msichana, nikamkalisha kwenye kiti. Mzungu akamwambia mwaga, akamwaga. Hata hakunitazama usoni." Alijifunga shuka upya. "Basi nilitaka na yeye amwagwe. Watu wote wakitazama."

"Angefungwa, shangazi. Ana watoto."

"Najua. Mimi ndiye niliyewapokea."

"Ameachiwa asubuhi. Na Bibi Maendeleo amekubali mashine ibaki."

"Vema," alisema, na haikujulikana ana maana gani.

Sadoki alisogea pembeni, akajifanya anaangalia ng'ombe. Lesikar alibaki amesimama. Kulikuwa na swali moja ambalo sheria haikulihitaji, lakini lilikuwa limemkaba tangu usiku.

"Mimi je? Ungeweza kumwambia koplo, au mzee wa kanisa, au Bibi Maendeleo mwenyewe. Kwa nini ulinipa mimi uongo ule?"

Nkasiogi alimtazama.

"Mwingine angeuliza maswali," alisema. "Angeuliza nilikuwa nimesimama wapi. Angeuliza kwa nini mimi sikwenda mnadani. Wewe nilijua hutauliza hata moja. Na hukuuliza."

Ilimuuma Lesikar kuliko kofi. Imani yote aliyompa tangu akiwa mtoto mchanga, shangazi yake alikuwa ameipima, akaona inatosha kumfungia mtu, akaitumia. Alitamani akasirike, hasira ingemsaidia. Haikuja.

"Niandike mimi, afande?" Sadoki aliuliza kwa upole, karatasi mkononi.

"Hapana. Lete hapa."

Aliketi juu ya kigoda kilekile alichokuwa akinywea maziwa, akaweka karatasi gotini.

"Si lazima useme lolote," alianza, "lakini utakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Jina lako nani?"

"Thomasi, hulijui jina langu?"

"Lazima uliseme mwenyewe."

"Nkasiogi."

"Unaishi wapi?"

"Hapa."

"Umeolewa?"

"Mjane."

Kalamu ilisimama. Swali lililofuata lilikuwa la kawaida, huulizwa kila mshtakiwa, na Lesikar alishaliuliza mara nyingi bila kuinua uso.

"Una watoto?"

Shangazi yake aliyatazama makoti ya polisi, lake na la Sadoki, kisha akatazama kule ng'ombe walikokuwa.

"Andika sina," alisema.

Lesikar akaandika.