Funda la Kwanza

Baba yangu hakujua kutulia, na kutotulia kwake kulituchosha sote. Kabla jua halijapanda alikuwa amekwisha gonga kipande cha chuma kilichoning'inia mbele ya nyumba, amesali na watu saba au wanane, amefundisha herufi tano, na amekwenda mtoni kutegua mtego wa mgonjwa fulani asiyeweza kwenda mwenyewe. Kisha alirudi mbio kuuliza kama uji umeiva. Mama alisema angemfunga kamba mguuni kama mbuzi, lau angepata kamba ya kutosha.

Jina lake lilikuwa Barnaba, na kazi yake ilikuwa ukatekista. Mapadre wa misheni ya Mahenge walimtuma Lupunga, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mpunga kando ya mto Kilombero, akafungue darasa na kuhubiri. Ilikuwa imepita miaka mitatu tu tangu Vita vya Maji Maji viishe. Mimi, Tekla, nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sikutumwa na mtu yeyote. Nilichukuliwa tu pamoja na vyungu.

Lupunga sikuipenda hata kidogo. Masika maji yalifika mlangoni, na yalipopungua yalituachia matope na mbu. Kwetu Mahenge kulikuwa na milima, baridi na binamu zangu. Kila nilipokaa shambani kuamia ndege wasile mpunga, macho yangu yaliitafuta milima ile, na miguu ilinicheza kama inataka kwenda bila mimi.

Kila baada ya miezi miwili Padre Wendelin alikuja kwa mtumbwi kukagua darasa. Alituachia chupa ya kwinini, unga mweupe wa kutibu homa. Baba aliupima kwa ncha ya kisu na kuukoroga katika kikombe cha maji. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Wakati wa vita watu wa Lupunga walipewa maji ya dawa wakaambiwa risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Wanaume wakaenda kulishambulia boma la Mahenge, na wengi hawakurudi. Sasa amekuja mgeni mwingine na maji yake kikombeni! Nani angekunywa?

Bibi yake Yosefina ndiye aliyetafuta njia. Yosefina alikuwa rafiki yangu wa pekee. Alikuwa hajabatizwa bado, lakini jina alikwisha jichagulia.

"Mwalimu," bibi yule alimwambia Baba, "kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni akimwona. Wewe ni mtu mzima, tumbo lako gumu. Kama dawa yako ni njema kwa watoto wetu, basi mwanao aonje kwanza, sisi tukimwona."

Tangu siku hiyo nikawa mwonjaji. Kila mtoto mgonjwa alipoletwa, mimi nilipiga funda la kwanza. Anayeijua kwinini atanihurumia. Uchungu wake unakaa kooni mpaka jioni na hata samaki hana ladha. Wiki ya kwanza nilimeza. Wiki ya pili nikapata ujanja: nililificha funda shavuni, nikatabasamu mbele ya akina mama, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kulitema.

Jumatatu moja nilipoinua kichwa baada ya kutema, Yosefina alikuwa amesimama mbele yangu.

"Tekla, unatema nini?"

"Mate tu."

Alitazama udongo uliolowa, akanitazama mimi, akaenda zake.

Kesho yake hakuna mama aliyemleta mtoto. Jumatano darasani walikuja watoto watatu. Alhamisi Baba aligonga chuma mpaka mkono ukamuuma, asije hata mmoja. Akazunguka nyumba kwa nyumba, akarudi na vumbi hadi magotini.

"Wanasema dawa yangu ni yale maji yale yale ya vita, na hakuna anayenieleza kwa nini," alimwambia Mama. "Sijui nimekosea wapi."

"Wamekukatalia na darasa pia?"

"Kila kitu. Na Padre Wendelin anakuja Jumamosi. Akikuta darasa tupu atakifunga kituo, nasi tutarudi kwetu."

Naona haya kulisema, lakini nilifurahi. Nilikuwa najua Baba alipokosea: hakukosea popote. Nilijua, nikanyamaza, nikaanza kukunja nguo zangu.

Ijumaa asubuhi Yosefina hakuonekana shambani. Mama akatuambia kwamba mdogo wake Yosefina, Mponda, mtoto wa miaka minne, ana homa kwa siku ya tatu, anatetemeka na hamtambui mama yake. Baba akachukua kikombe akaenda. Hakukawia. Alirudi na kikombe kimejaa vilevile, akakiweka chini, akaketi kizingitini.

Baba yangu aliketi! Hakuuliza uji, hakutafuta jembe, hakufanya lolote. Nilipomwona hivyo furaha yangu yote ikaisha. Mponda nilikuwa nikimbeba mgongoni, naye alikuwa akinivuta masikio.

"Baba," nilisema, "ni mimi."

Nikamweleza yote: shavu, nyuma ya nyumba, Yosefina, uongo wa mate. Nilingoja kofi. Alikiokota kikombe, akanikabidhi.

"Nikienda kuwaambia mimi, watasema nimekufundisha maneno," alisema. "Simama. Utasema wewe."

"Watanichukia, Baba."

"Huenda. Twende."

Bibi yake Yosefina alikuwa ameketi mlangoni, amenyoosha miguu kuziba njia. Wanawake wanne watano walikuwa uani, na Yosefina miongoni mwao.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba. Rudi na kikombe chako."

Nikaanza. "Yosefina aliona kweli. Nilikuwa natema dawa, na nilipoulizwa nilimdanganya. Dawa haina kosa, bibi. Ni chungu, nami niliogopa uchungu tu. Halafu nilipoona mmetukataa nilinyamaza, kwa sababu nilitaka turudi kwetu."

Wanawake walinong'ona. Mmoja akasonya. Yosefina aliinamisha kichwa.

"Leo unasema hivi, juzi ulitabasamu vile," bibi alisema. "Nitajuaje?"

Nikanywa. Si funda moja, bali mawili makubwa, nikafungua kinywa na kunyanyua ulimi. Machozi yalinitoka.

"Keti hapo katikati," bibi akaamuru. "Usiende nyuma ya nyumba yoyote."

Nikaketi juani. Kila nilipotaka kujikuna niliogopa watadhani natema. Mate yalijaa, nikayameza pamoja na uchungu wake. Kutoka ndani tulisikia meno ya Mponda yakigongana. Baba alikuwa akizunguka mti wa mpapai, mara kulia, mara kushoto. Nilitaka kupiga kelele kwamba muda unakwisha, lakini nani angenisikiliza?

Mara mama yake Mponda akatokeza mlangoni. "Mama, mtoto haniitikii tena. Huyu amekaa, hajafa, hajatema. Tunangoja nini?"

Bibi alinitazama usoni, akavuta miguu yake pole pole. "Haya, Mwalimu. Ingia."

Baba alimpa Mponda dawa kidogo kidogo kwa kijiko, asubuhi ile, jioni, na siku zilizofuata. Jumamosi Padre Wendelin alipofika alitukuta wote uani kwa mgonjwa. Baba alimweleza kila kitu bila kunificha. Padre alizikuna ndevu zake, akatembelea darasa lenye watoto watano, akasema kituo kitabaki mpaka mavuno, kisha ataona. Sikurudi Mahenge. Nililia kidogo, sitakataa, lakini sikukunja nguo tena.

Jumatatu Mponda aliamka akidai kambale wa kuchoma. Mchana huo bibi yake akaja kwetu, akijikongoja, Yosefina akimshika mkono. Akaketi karibu nami.

"Mjukuu wangu, nisikilize," alisema. "Wanangu wawili walikunywa maji ya vita. Aliyewapa huenda naye aliyaamini. Simlaumu kwa hilo. Lakini watu walipoanza kuanguka, hakurudi mlangoni kwangu kuniambia, bibi, nimekosea. Nilimngoja. Mpaka leo hajaja. Kukosea, sote tunakosea. Uongo wako ungemuua mtoto, na hilo ulikumbuke maisha yako yote. Lakini ulirudi mwenyewe, ukasema mbele ya watu, kikombe mkononi. Mtu anayerudi kusema kweli, akinipa kitu nitakinywa."

Yosefina akanifinya mkono. Nilipomshika bibi mkono ili kumshukuru, niliona unaunguza.

"Bibi! Una homa!"

"Tangu Jumatano," alisema. "Onja, kisha unipe. Nimechoka kuogopa."