Ulanzi wa Mwezi wa Saba

"Mtoe huyo mwanamke, Hilari. Mtoe nimuone."

Zita alikuwa amesimama asubuhi na mapema mlangoni pa kibanda cha shambani, kule Mahongole, umande ulioganda ukimng'ata miguu. Mumewe akatoka peke yake, kajitanda blanketi, midomo imepasuka kwa baridi.

"Mwanamke gani, Mama Fredy? Mimi nalinda ulanzi, walevi wasije wakaugema usiku."

"Ulanzi wa mwezi wa saba? Mianzi imeacha kutoa tangu masika yaishe, wewe bado unalala huku. Unalinda nini, fito?"

Zita akampita, akaingia. Mwanamke hakumkuta. Alikuta jiko lililozima na chupa za mizizi. Akanusa moja, akakunja uso.

"Hii ya nini?"

"Ya mgongo."

"Mgongo wako naujua, haujawahi kuuma. Baba Fredy, nguo nimeshafunga. Leo naenda kwetu Mlangali. Soma alichoandika dada."

Akamsogezea simu. Flora alikuwa ameandika: "Mwanaume akihama kitanda ujue kapata kingine. Njoo nyumbani."

Hilari akakaa juu ya gunia.

"Flora kakosea. Sina mwingine. Mwili umegoma, Zita. Nikija kwako hausimami. Nikaona bora unidhanie mhuni kuliko ujue mumeo si mwanaume."

Ile hasira aliyokuja nayo Zita ikamwishia yote. Kicheko kidogo kikamponyoka.

"Ndiyo ukaja kuganda huku?"

"Usinicheke."

"Nacheka nisije nikalia. Nimekonda mwenzio, nikidhani nimekuchosha. Na kule kukojoa usiku kucha, na kunywa maji kama ng'ombe, ulimwambia daktari?"

"Nimwambieje? Pale zahanati anayepokea wagonjwa ni binti wa mzee Alois, tunaimba naye kwaya."

"Basi twende Njombe mjini. Huko hatuimbi na mtu."

Wakaenda. Daktari, mama mmoja mtu mzima, akapima damu na presha, akauliza maswali bila kupepesa macho.

"Baba, una kisukari. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, ndiyo maana mwili unagoma. Wanaume wengi yanawapata, ila hawasemi. Tutaanza na sukari: dawa, chakula, mazoezi, pombe uiweke kando. Dawa za hilo la chumbani zipo, lakini kwanza niuangalie moyo wako. Na hiyo mizizi acha, hatujui ina nini."

"Nitapona?" Hilari akauliza chinichini.

"Wengi hupata nafuu. Ila si kwa kulala shambani."

Walipotoka nje, Flora akapiga.

"Umemfumania? Yukoje huyo mwanamke?"

"Nimemkuta mume wangu, dada. Anaumwa. Mlangali siji."

Akakata simu. Hilari akamshika mkono hadharani, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu uchumba.

"Zita, na leo mwili ukigoma tena?"

"Ukigoma tutapiga stori. Miguu yangu imeganda tangu uhame, na hakuna aliyeniuliza."