Sauti ya Mchezaji Asiyekuwepo

"Mchezaji wa kwanza, ni zamu yako."

Hiyo ilikuwa mara ya sita simu kusema hivyo tangu polisi waingie sebuleni. Ilisema kwa sauti laini ya kike, bila haraka. Mchezaji wa kwanza alikuwa maiti. Kichwa chake kilikuwa kimelala juu ya ubao wa mchezo, shavu limekandamiza vinyago alivyovichonga kwa mkono wake, na kikombe cha kahawa kilikuwa kimepinduka kando yake.

"Nikizime hicho kidude, afande?" Koplo aliuliza. "Nywele zinanisimama."

"Usikiguse."

Inspekta alikuwa mwanamke mwembamba, mchache wa maneno. Wenzake walimwita Sindano, na kama kuna aliyedhani ni kwa sababu ya umbo tu, basi hajawahi kuhojiwa naye.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Wachezaji watatu waliobaki walikuwa wamekalishwa ukutani. Mdogo wa marehemu alikuwa akilia kwa kwikwi. Pembeni yake alikaa mtaalamu wa kompyuta, aliyeunda programu ya simu inayoendesha mchezo ule. Wa tatu alikuwa shemeji wa marehemu, sonara wa makamo, dada wa mke wa marehemu, mke ambaye naye alifariki miaka miwili nyuma. Huyu hakutoa hata chozi. Macho yake hayakubanduka kwenye simu iliyokuwa mezani.

Koplo alikuwa ameshamaliza kesi kichwani mwake. Mtaalamu ndiye aliyeleta kahawa kutoka jikoni, kwa hiyo pingu zilikuwa tayari mikononi mwake. Kesho yake asubuhi angesomewa shtaka la mauaji, na nyumbani alikuwa na mke mwenye mimba ya miezi minane.

"Nieleze mchezo wenyewe," Sindano alimwambia.

"Afande, wallahi sijaua mtu."

"Sijakuuliza hilo."

Mtaalamu akautazama ubao. "Ubao peke yake ni bubu. Una vyumba na milango, basi. Programu ndiyo inaupa uhai, na kila mchezaji anayo kwenye simu yake. Inasimulia kisa, inahesabu pointi, inakumbuka nani aliingia chumba gani. Ukifika mlangoni, sauti inasema, fumbeni macho. Mnasikia mvua, nyayo, kitasa kinazungushwa. Sekunde thelathini. Mkifumbua, mnakisia nani yuko nyuma ya mlango."

"Watu wanne wamefumba macho, na mvua inapiga kelele."

"Ndiyo, afande."

"Leo kulikuwa na lolote lisilo la kawaida?"

Mdogo wa marehemu ndiye aliyejibu. "Mvua ya mwisho ilinyesha mara mbili. Kuna mtu alibonyeza 'rudia' kwenye simu yake. Tukaendelea kufumba. Tulipofumbua, kaka akapiga mafunda mawili, akashika koo..." Akashindwa kumaliza.

"Nani alibonyeza?"

"Si mimi."

"Wala mimi," alisema mtaalamu.

"Mimi hata sijui kitufe hicho kiko wapi," alisema sonara.

Sindano akamgeukia mtaalamu. "Programu inaweka kumbukumbu?"

"Ya kila kidole, afande. Simu gani, saa ngapi, sekunde ya ngapi."

Afisa wa uchunguzi wa kisayansi alizichukua simu zote nne. Haikumchukua hata saa nzima. 'Rudia' ilikuwa imetoka kwenye simu ya sonara. Lakini kilichomfanya Sindano avute kiti na kukaa ni orodha iliyofuata. Kwenye simu hiyo mchezo ulifunguliwa kila siku asubuhi, miaka miwili mfululizo, na mchezaji mmoja tu. Hakukuwa na mlango uliofunguliwa wala pointi iliyopatikana. Sentensi ya kwanza ilichezwa, ikarudiwa, ikarudiwa tena.

"Sauti hii ni ya nani?" aliuliza.

Mtaalamu akainamisha kichwa. "Ya hayati mke wa marehemu. Tulimrekodi kabla hajaanza kuugua."

Jioni ile mkemia alitoa taarifa yake: sumu iliyokuwa kikombeni ni ya aina wanayotumia masonara kupaka dhahabu. Chupa yake ilipatikana kwenye karakana ya sonara, mfuniko haujakazwa. Pingu zilibadilisha mikono.

Kwenye chumba cha mahojiano, sonara aliketi wima.

"Kwa nini ulisema hukijui kitufe?"

Sonara akageuza uso ukutani.

"Unakibonyeza kila siku."

"Mdogo wangu nilimlea mimi," sonara alisema. "Mama alikufa yeye akiwa na miaka minne. Nilimsuka, nikamsomesha, nikamwoza kwa yule bwana. Akafa mikononi mwangu. Kilichobaki ni kule kusema, 'Karibu, nilikuwa nakungoja.' Kesho, Jumatatu, shemeji angeifuta sauti hiyo. Kapata mchumba, akataka asimulie huyo mchumba. Nilimpigia magoti. Akaniambia, 'Shemeji, hiyo ni programu tu, itafunguka na sauti mpya, utaizoea.'" Akajipiga kifuani. "Nitaizoea! Mimi!"

"Ukatia sumu, kisha ukabonyeza 'rudia' ili upate muda."

"Muda wa nini? Sekunde thelathini zilinitosha na kubaki. Kikombe nilikuwa nimeshakirudisha mahali pake."

"Sasa ulirudia ya nini?"

"Nilijua shemeji akinywa, mchezo umekwisha. Nikataka mdogo wangu aniambie tena nifumbe macho. Mara moja tu."

Sindano aliandika, akamsogezea karatasi. Sonara akatia saini kwa mkono usiotikisika, mkono wa mtu aliyezoea kazi ndogo ndogo. Kisha akaulizia simu, yake na ya shemeji yake, ziko wapi.

"Ni vielelezo. Zimezimwa, zimefungwa kwenye bahasha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe, na rufaa. Miaka, pengine."

"Na za watu wengine?"

Sindano hakupenda kulijibu swali hilo, ila alilijibu. "Mtaalamu anasema sauti mpya ilishatumwa asubuhi, kabla hamjaanza kucheza. Simu zote zilizowashwa zinaipokea usiku huu, na ya zamani inafutika."

Sonara alimtazama kana kwamba hajaelewa. Kisha akafumba macho, akaviweka viganja vyake masikioni, na kilio alichokizuia tangu alasiri kikamtoka.